Komiki kwenye mchele: kisa cha slabu iliyofunguliwa Kibirizi

Picha iliingia kwenye simu yangu saa mbili usiku, haina maelezo yoyote, sufuria ya mchele mbichi na katikati ya mchele kuna kona ya kitabu inachungulia. Nikajua ni utani wa vijana tu mpaka nilipoivuta ile picha nikaona pale kwenye kona kuna mstari wa wino wa rangi ya fedha, na huo mwandiko mi naujua, nimeoneshwa mara hamsini. Nikampigia dogo, binamu yangu fundi simu, palepale, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Baadaye akanitumia meseji moja, "bro kaka akirudi ataniua".

Naandika kisa chote cha komiki ya Fundi iliyotolewa kwenye kasha lake, maana tangu kitokee kila mtu anakisimulia anavyotaka, wengine wanasema dogo kaharibu mali ya mamilioni (uongo), wengine wanasema kaka yake, Fundi, mchoyo, anamdai mdogo wake wa damu hela kisa kitabu cha katuni (nao uongo, au tuseme nusu uongo). Mi ni binamu yao, kwenye kikao nilikuwepo, na hivi vitu nakusanya pia ingawa vyangu ni vya bei ya nyanya. Majina naacha, Kigoma yetu ndogo.

Fundi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, zile Yamaha za kufungwa nyuma ya boti. Kapanga chumba na sebule hatua chache kutoka ziwani, na wanaokaa huko wanajua maji ya ziwa yalivyopanda miaka hii, sakafu inatoka jasho hata kabla mvua haijanyesha. Mdogo wake ni fundi simu, ana meza yake Mwanga karibu na soko. Fundi alipokuwa anasoma Dar alikaa na jamaa mwenye komiki za anga za mbali, roboti na meli za kwenda nyota hadi nyota, na huo ugonjwa karudi nao Kigoma. Kwetu huku waliosoma Sani enzi hizo, akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walizisoma mpaka zikachanika na za kuchanika zikafungia karanga, kwa hiyo mtu kununua komiki halafu asiifungue ni kitu wazee wanakishangaa hadi leo. Na mi nawaelewa kabisa.

Sasa hiyo komiki yenyewe. Ni Star Wars toleo la 1 la Marvel, kampuni ya komiki ya Marekani, la Januari 2015, kaandika Jason Aaron, michoro ya ndani ya John Cassaday. Ukimwambia mtu "toleo la kwanza" anadhani ni adimu, hapana, hilo toleo maduka ya Marekani yaliagiza kama nakala milioni moja, na sababu kubwa ya kufika huko ni kava. Lilitoka na kava zaidi ya 60 tofauti, ndani kurasa ni zilezile. Hizo ndo wenyewe wanaita varianti. Mchezo wenyewe una umri, wengi wanaanza kuuhesabia kwenye The Man of Steel ya wapinzani wao DC ya 1986 iliyotoka na kava mbili, halafu 1991 ikaja X-Men namba 1 na kava tano, ikauza zaidi ya nakala milioni nane, watu wakanunua tano tano na kufungia kabatini wakisubiri utajiri. Mpaka leo wanasubiri, maana kitu ambacho kila mtu kakifungia kabatini hakiwezi kuadimika.

Baadae wakaja na varianti za uwiano, yaani duka likitaka kava moja ya pekee lazima liagize nakala 25 za kawaida, au 50, au 100. Hapo adimu inatengenezwa kwa makusudi. Mi binafsi naheshimu zaidi zile zilizotokea bila mtu kupanga, kama Star Wars ya kwanza kabisa ya 1977, Marvel walikuwa wanajaribu kupandisha bei toka senti 30 kwenda 35, wakachapa chache za senti 35 wakazipeleka sehemu chache tu, na leo hizo ndo zinatafutwa kama dhahabu ya Geita. (Ila kuna za kuchapwa upya nazo zimeandikwa senti 35, na hapo ndo watu wanapoingizwa mjini, kwa hiyo usinunue kwa picha moja ya giza.)

Ya Fundi ilikuwa varianti ya 2015, kava hakuichora Cassaday ila saini ni ya Cassaday, kwa kalamu ya fedha, kona ya chini. Kuna wakusanyaji hilo linawakera, wanataka saini ya aliyechora kava. Fundi hajali, anasema yeye kapenda kurasa za ndani, ambazo nakukumbusha tena, kwenye nakala yake hakuwahi kuziona.

Hakuwahi kuziona sababu ilikuwa ndani ya slabu. Huku kwetu slabu ni zege la ghorofa, kule ni kasha la plastiki ngumu. CGC ni kampuni ya Florida, Marekani, ilianza 2000, unawapelekea komiki, wanaikagua, wanaipa gredi toka 0.5 mpaka 10, wanaifungia kwenye plastiki iliyochomelewa pembeni na juu wanaweka lebo. Rangi ya lebo ndo habari yenyewe. Bluu ni komiki ya kawaida. Zambarau imefanyiwa ukarabati. Kijani ina jambo la kuelezwa, mfano kuna saini ila hakuna aliyeona ikiwekwa. Njano maana yake saini iliwekwa mbele ya shahidi wa kampuni, alikuwa amesimama pale, kaona kalamu inagusa kava, kaichukua yeye mwenyewe mkononi na haikurudi kwa mwenye mali mpaka imefungiwa. Ya Fundi ilikuwa njano, gredi 9.8.

Hapa ndo watu wengi wanapopotea, na kisa chote kimekaa hapa. Wanadhani hela inalipiwa wino. Wino ni wa kalamu ya buku tatu. Hela inamlipia yule shahidi, na shahidi mwenyewe anakaa ndani ya ile plastiki, ukiipasua tu kaondoka na harudi, hata kama saini ni ileile, kalamu ileile na mkono uleule.

Fundi aliinunua mwishoni mwa 2023 kwa dola 165 na usafiri dola 40, kwa chenji ya wakati ule ni kama laki tano na ushee, alilipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu na mzigo ukaja mpaka Posta. Septemba 9, 2024 Cassaday akafariki, ana miaka 52. Sipendi kuandika hili maana linasikika vibaya, lakini kwenye hii biashara mchoraji akifa hakuna tena saini mpya, na zile za njano zilizopo ndo hizohizo. Desemba akajitokeza mnunuzi wa Nairobi, mtu anayejua vitu vyake, akaomba picha za pande zote, akasema laki saba ya Tanzania. Fundi akamwambia subiri mpaka Mei nitakuja mwenyewe. Kosa la kwanza hilo, ila hilo ni langu kusema, kwenye kikao halikutajwa.

Sasa Aprili 2025. Mvua. Fundi kaitwa Kalya, mbali kusini kando ya ziwa, kwenye injini ya boti ya mizigo, siku nne, kamwambia dogo alale pale nyumbani aangalie bati lisivuje. Bati halikuvuja, maji yaliingia kwa chini. Dogo anasema aliamka saa kumi na moja asubuhi miguu inagusa maji, kidogo tu, ya kulowesha mkeka. Akakimbilia tranka la bati ambalo lilikuwa limekaa sakafuni likiegemea ukuta, akalipandisha kitandani, akalifungua. Ndani kukavu. Mifuko ya komiki nyingine sawa, mikavu. Akatoa slabu akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, na hapo ndo akaona mabaka ya rangirangi katikati ya plastiki, bluu, pinki, kijani, yanazunguka kama petroli iliyomwagika juu ya maji.

Mtu aliyekulia Kibirizi akiona hizo rangi ana jibu moja tu kichwani, kuna kitu kimevuja. Akampigia kaka yake, Kalya mtandao hamna. Akapiga picha (hii picha ishike akilini), akawatumia mafundi simu wenzake, wakamwambia kioevu kikishaingia ndani fungua haraka kabla hakijakauka. Kwa simu huo ni ushauri mzuri sana. Hakunipigia mimi. Nilimuuliza kwa nini, akasema alidhani bado nimelala.

Akaifungua kwa vifaa vyake, kile kiplastiki cha kuchokonolea skrini na bisibisi bapa, kona ya juu ikalia "kra" ikapasuka mpaka katikati. Ndani kuna mfuko mwingine wa plastiki laini nao umefungwa, akaukata kwa wembe. Wakati anaivuta komiki, kava ikashika kwenye makali ikapata mkunjo mdogo chini pembeni mwa mgongo. Akaona kidoti karibu na saini, akadhani ni ukungu, akachovya kotoni kwenye ile spiriti wanayosafishia bodi za simu, akagusa. Kotoni ikarudi na rangi ya fedha.

Hapo akaacha. Nampa pongezi kwa kuacha. Ila ncha ya mwisho ya saini imefifia, ukiilaza kwenye mwanga unaona kabisa palivyopanguswa.

Halafu mchele. Hili la mchele nilimcheka hata kwenye kikao, samahani, yaani huyu ndo kila siku anawagombeza wateja wanaoleta simu zina punje za mchele kwenye tundu la chaji, anawaambia mchele hausaidii chochote! Alinijibu kwa upole sana, "bro nilichanganyikiwa, niliona niweke kitu chochote". Komiki ikashinda kwenye sufuria kutwa nzima, na vumbi la mchele likaingia mpaka katikati ya kurasa. Shangazi aliupika huo mchele kesho yake, kwa taarifa yenu.

Nilifika Kibirizi siku ya pili, Fundi naye karudi mchana wa siku hiyohiyo. Sitaki kueleza lile saa la kwanza. Jioni tukakaa mimi na dogo tukaangalia vipande na zile picha, na nilichogundua ndo kimenifanya niandike.

Yale mabaka ya rangi hayakuwa maji. Yanaitwa pete za Newton, na watu wenye slabu wanayafahamu miaka yote. Plastiki ya ndani na ile ngumu ya nje zikikaribiana sana panabaki kahewa kembamba mno katikati, mwanga unarudi mara mbili, toka juu ya hako kahewa na toka chini yake, miale inagongana na rangi zinatokea. Hakuna tone la maji wala mafuta. Dogo alikataa kuniamini mpaka nilipomwambia lete zile protekta za vioo za mezani kwako, tukabandikanisha mbili tukaziminya kwa kidole gumba, na zikatokea pete zilezile, bluu na pinki, zinasogea ukisogeza kidole. Alinyamaza muda mrefu. Kwenye kazi yake anaziona hizo rangi kila siku chini ya protekta iliyobandikwa vibaya na wala hazimtishi, lakini zilipotokea kwenye kitu cha kaka yake, huku miguu imelowa, zikawa petroli.

Ila pia nisimtetee kupita kiasi Fundi, maana kulikuwa na jambo la kweli kabisa ambalo hizo pete zililificha. Rudi kwenye ile picha dogo aliyopiga kabla ya kufungua. Chini ya kava kuna mawimbi, madogo, kama ukingo wa kitenge kilichokauka bila kunyooshwa. Kwenye picha za Desemba alizotumiwa mnunuzi mawimbi hayapo. Kwa hiyo unyevu uliingia taratibu, miezi minne, wala sio usiku ule.

Slabu haizuii hewa. Hili watu hawalijui, wanaona plastiki ngumu iliyochomelewa wanadhani ni kama chupa ya soda. Hewa inapita, na kama hewa ni mbichi karatasi inakunywa. Wanaojua kutunza wanataka unyevu wa hewa uwe kwenye asilimia 50 hivi au chini kidogo na joto kama nyuzi 20 bila kupandapanda, sasa weka hapo chumba cha bati Kibirizi mwezi wa nne, mchana tanuri, usiku baridi ya ziwa, na tranka la chuma sakafuni ambalo usiku linapoa kuliko kila kitu mle ndani, unyevu ukitafuta pa kutulia ni hapohapo. Komiki za 2015 karatasi yake ni ya kung'aa, imepakwa, na hiyo ikinyonya maji kutokea pembeni inavimba pembeni huku katikati bado kavu, ndo inajikunja. Fundi hakuweka hata kipakiti kimoja cha silika, vile vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Huyu anayefunika injini za watu kwa turubai mbili! Tranka lingekaa juu ya meza, mbali na ukuta, na vipakiti vitano ndani, leo tusingekuwa na kisa.

Na dawa ya mawimbi yale ilikuwa kutofanya kitu. Itoe kwenye unyevu, iweke chumba kikavu, ilaze, subiri wiki kadhaa, karatasi ingejirudisha yenyewe kwa kiasi, na plastiki ikiwa nzima mlango wa kuirudisha kwa CGC ikaguliwe upya bado upo wazi. Hata kama ingekuwa imelowa kweli, mchele ni wa kula, karatasi inakaushwa kivulini, imebanwa kidogo katikati ya karatasi safi za kunyonya.

Usiku huo rafiki yake dogo, fundi mwenzake, akaja na wazo. Gundi ya B-7000, wanayobandikia skrini. Mpasuko mmoja tu, kona mbili, akapiga hesabu kwamba kwa nusu saa anairudisha na hakuna atakayejua, na kweli tukaingiza ile namba ya kwenye lebo kwenye tovuti ya kampuni ikaja vizuri kabisa, njano, 9.8, saini ya Cassaday. Kwa mtandao ile komiki bado ilikuwa nzima. Laki saba zilikuwa mezani.

Nitasema ukweli, mi pia niliwaza. Dakika mbili hivi. Fundi ndo aliwaza zaidi, alikuwa anaigeuzageuza ile lebo mkononi kama mtu anayehesabu hela. Halafu akauliza swali moja tu, yule wa Nairobi akiifungua miaka kumi ijayo akakuta gundi ya simu, atasema nani kaigushi saini? Atasema ya Cassaday ni feki. Jamaa kafa, hawezi kujitetea. Akachukua mkasi akaikata kona ile lebo, mbele yetu, na baadae kweli akawaandikia CGC, maana wanapokea lebo za slabu zilizofunguliwa ili waziondoe kwenye hesabu yao. Rafiki wa dogo aliondoka bila kuaga vizuri.

Mnunuzi alitumiwa picha zote, mpaka ya kwenye mchele. Mi ndo nilimwandikia kwa niaba ya Fundi, na nikamuuliza maswali mawili badala ya moja, na hili lilikuja kusaidia sana. La kwanza, sasa hivi ilivyo unatoa ngapi? Akasema laki mbili na nusu, kwa ajili ya saini tu, tena kwa kuwa anatuamini. La pili, kama ingekufikia slabu nzima haijaguswa ila kava ina mawimbi yale ya kwenye picha, ungetoa ngapi? Akafikiri siku mbili akajibu laki nne na nusu, maana gredi isingekuwa tena 9.8 ya kweli hata kama lebo inasema hivyo.

Kuna waliosema ipelekwe tena Marekani. Inawezekana, CBCS kwa mfano, kampuni nyingine ya kugredi, wana utaratibu wa wataalam wa mwandiko kuipitia saini isiyoshuhudiwa. Lakini nauli ya kwenda na kurudi, ada, na saini yenyewe imepanguswa ncha, unatuma hela kuifuata hela.

Kikao kilikuwa Jumapili kwa baba mkubwa, mstaafu wa reli, nyumbani kwake Gungu. Shikamoo zikapita, chai ikapita. Fundi alikuja anadai laki nne na nusu, yaani laki saba toa laki mbili na nusu. Dogo alikuja anasema hadaiwi kitu, alikuwa anaokoa mali. Baba mkubwa akataka aoneshwe kitu kinachogombewa. Akakishika, akakifungua, akasoma kurasa mbili kwa miwani, akauliza, "Hiki si kizima? Kinasomeka."

Fundi akaanza kumweleza gredi na 9.8, mzee akawa anamwangalia tu kama anamwangalia mtu wa bima. Nikaomba niseme mimi.

"Baba mkubwa, ukinunua kiwanja mnaandikishana wapi?"

"Kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Na muuzaji akisaini peke yake, mwenyekiti hayupo, majirani hawapo?"

"Hiyo karatasi ya kufungia vitumbua."

"Hata kama saini ni yake kweli?"

Mzee akacheka. Akamgeukia dogo, "Kwa hiyo wewe umemfukuza mwenyekiti."

Toka hapo alielewa kuliko sisi wote. Akauliza kitu ambacho hatukuwa tumekiuliza siku zote tano, kabla kijana hajashika bisibisi, mali ilikuwa nzima au ilikuwa imeshaanza kuharibika? Nikamwonesha picha ya Desemba, nikamwonesha ya asubuhi ile, nikamsomea majibu mawili ya mnunuzi. Akachukua kalamu. Toka laki saba mpaka laki nne na nusu ni unyevu, na unyevu ni wa mwenye tranka, "wewe fundi wa boti unaweka karatasi sakafuni ziwani, unamdai nani?" Toka laki nne na nusu mpaka laki mbili na nusu ni bisibisi na kotoni, na hizo ni za dogo. Laki mbili. Elfu ishirini kila mwezi, miezi kumi.

Dogo akajaribu, "Baba, mi nilikuwa na nia njema." Mzee akamjibu nia njema ndo maana ni laki mbili na sio fimbo.

Hesabu ile naikubali isipokuwa sehemu moja. Nia njema inafunika kupasua plastiki, kwa sababu aliona rangi zile na akaambiwa afungue haraka. Haifuniki kotoni. Maji kama yapo unayakausha, hupangusi pembeni ya saini kwa spiriti, na mtu anayeshika spiriti kila siku anajua inafuta maka peni, ndo anavyofutia maandishi kwenye vioo vya wateja. Ule mpanguso ndo umefunga hata mlango wa wataalam wa mwandiko. Mi ningemwongezea elfu hamsini. Shangazi alisema mi nina roho mbaya, basi yakaisha.

Fundi hakuiuza kwa ile laki mbili na nusu. Alisema kwa bei hiyo bora aisome, na akaisoma, usiku mmoja, kurasa zote, punje za mchele zinadondoka mapajani. Nilimuuliza vipi, akasema michoro mikali kuliko alivyodhani, halafu akalalamika kwamba hadithi inaishia katikati na namba 2 hana. Tranka sasa liko juu ya meza, limewekewa matofali chini ya miguu ya meza pia, silika kila kona, na kila wiki mbili anazianika vile za kubadilika rangi. Slabu nyingine ananiambia hanunui mpaka ahame Kibirizi. Simwamini.

Makubaliano tuliyaandika palepale Gungu kwenye karatasi ya daftari. Baba mkubwa akakataa isisainiwe mpaka jirani aitwe, akaitwa, mimi shahidi wa kwanza, jirani wa pili, Fundi, dogo, na mzee mwenyewe chini kabisa kwa wino wa bluu. Tarehe akaandika kwa maneno. Fundi akatoa mfuko wa mylar kwenye begi, ile ya komiki, akaitia karatasi ndani na kadibodi nyuma na kipakiti kimoja cha silika, akakunja mdomo na kuchukua selotepu, na dogo akamshika mkono akamwambia kaka usiibandike, kila mwezi tutakuwa tunaitoa kuandika.